Nani Ameshika Mfuko? Kodi, Korosho na Barabara za Kusini tangu 1898

Julai 1905, katika kijiji cha Nandete kwenye vilima vya Umatumbi, wanaume waliingia kwenye shamba la pamba wakang'oa miche. Kila aliyeuona mti ule uking'olewa alijua maana yake: vita vimetangazwa. Ndivyo Maji Maji ilivyoanza. Watoto wetu husoma shuleni habari za dawa ya Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe, aliyenyongwa na Wajerumani huko Mohoro mapema Agosti mwaka huo. Hawasomi sana habari za hesabu zilizokuwa nyuma ya shamba lile la pamba, na hesabu hizo ndizo mwanzo wa hadithi yetu.

Mwaka 1898 serikali ya Kijerumani ilianza kutoza kodi ya nyumba, rupia 3 kwa nyumba ya shamba. Asiyekuwa na rupia alilipa kwa jasho. Sehemu ya fedha hizo iliachwa wilayani ili igharamie barabara na majengo, na kwenye karatasi wazo hilo lilikuwa jema: kodi ya wilaya ifanye kazi ya wilaya. Lakini mezani walipokaa wapangaji, mkulima wa Umatumbi hakuwa na mtu wa kumsemea. Mwaka 1902 wapangaji hao, wakitafuta njia ya kutunisha mfuko, walianzisha mashamba ya pamba ya pamoja, kila jumbe, yaani mkuu wa kijiji, na shamba lake. Katika wilaya ya Dar es Salaam watu walitakiwa kufanya kazi humo siku 28 kwa mwaka, na mpango ukaenea kusini hadi Kilwa na Umatumbi. Mapato yalikuwa yagawanywe kati ya wafanyakazi, majumbe na mfuko wa wilaya. Fungu la mfanyakazi lilipofika lilikuwa dogo kiasi kwamba wako waliokataa hata kulipokea.

Wakati huohuo mashamba yao ya mtama na mpunga yaliliwa na nguruwe na ndege, kwa kuwa mikono ya kuyalinda ilikuwa kwenye pamba ya jumbe, chini ya kiboko cha akida wa serikali. Kwa hiyo watu wa Kusini walionja maendeleo ya wilaya kwa mara ya kwanza wakiwa watoaji tu. Vita viliisha mwaka 1907, vikiacha njaa iliyoua watu wengi kuliko risasi. Nchi ilibaki na mapori mahali palipokuwa na vijiji.

Reli za Wajerumani zilipita kwingine. Ya kaskazini ilitoka Tanga ikafika Moshi mwaka 1911, na ya kati ikatoka Dar es Salaam ikafika Kigoma mwaka 1914. Kusini ilibaki na njia za miguu na majahazi ya Kilwa, Lindi na Mikindani.

Hazina ndogo, kiu kubwa

Waingereza walipokuja walileta utaratibu wao. Mwaka 1926, chini ya Gavana Donald Cameron, ilipitishwa sheria iliyowapa watawala wa jadi mamlaka na hazina zao. Sehemu ya kodi iliyokusanywa ilirudishwa kwenye hazina hizo, ikalipa mishahara ya makarani na matarishi, ikatengeneza njia na mabaraza. Kule Kilimanjaro, kahawa ilikuwa na thamani na chama cha ushirika cha KNCU kilikuwa na nguvu tangu 1933, hivyo fedha za zao ziligeuka shule na barabara ambazo watu waliziona kwa macho yao. Kusini mambo yalikuwa mengine. Wamakonde hawakuwa na mfalme wala chifu mkuu. Waliongozwa na wakulungwa, kila mmoja na kaya zake. Mtawala aliyetafutwa ili ashike hazina alikuwa mgeni kwa wengi, na hazina yenyewe ilikuwa nyembamba.

Tatizo kubwa la uwanda wa Makonde lilikuwa maji. Juu ya uwanda ardhi ni ya mchanga, mvua ikinyesha inazama, na hakuna mto. Mwanamke wa Newala alishuka miteremko mikali hadi bondeni alfajiri, akapanda na mtungi kichwani jua likiwa limeshapanda. Ungemuuliza yeye kipaumbele cha wilaya ni kipi, asingefikiri mara mbili. Hata hivyo ilipita miongo ya kodi kabla ya mradi wa maji wa Makonde kuanzishwa miaka ya 1950, wa kuyavuta maji kwa pampu kutoka chini kuyapandisha juu.

Reli iliyokuja na kuondoka

Kabla ya pampu hizo, Kusini ilipata fedha nyingi kuliko ilivyowahi kuona. Mwaka 1947 serikali ya London ilianzisha mradi wa karanga katika Kongwa, Urambo na Nachingwea. Waingereza walikuwa na uhaba wa mafuta ya kula baada ya vita, na mtu fulani alichora ramani ya mamilioni ya ekari za karanga. Yaliletwa matrekta, yaliletwa mabuldoza, ikajengwa reli kutoka pwani ya Lindi hadi Nachingwea, kisha ikaunganishwa na Mtwara. Mtwara ilichaguliwa kwa sababu ghuba yake ina kina. Bandari ya meli kubwa ikajengwa hapo na kukamilika mwaka 1954.

Tatizo ni kwamba karanga zenyewe hazikuota kama ramani ilivyosema. Vichaka viligoma, udongo uligoma, mvua ziligoma. Mwaka 1951 mradi ulitupwa, ukiwa umemeza pauni zipatazo milioni 36. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 reli ilifungwa, na mataruma yake yakang'olewa.

Reli ile haikuwa na kosa la uhandisi. Njia ilikuwa nzima na injini zilivuta. Ilikosa mwenyewe. Iliyoiamua ni London kwa ajili ya chakula cha London, na siku London ilipobadili shauri, hakuna baraza wala hazina hapa nchini iliyokuwa na uwezo au sababu ya kuishika. Barabara ya kijiji hufyekwa na wanaoipita. Reli ya karanga haikuwa na wa kuifyekea.

Kilichobaki ni bandari, na mzigo wa kuitumia ulikuwa tayari unaota nyuma ya nyumba za watu. Mkorosho uliletwa pwani hii na Wareno kutoka Brazili, karne nyingi zilizopita. Hakuna kampuni iliyowaamrisha Wamakonde, Wayao na Wamwera kuupanda kwa wingi. Waliupanda wenyewe, miti michache kwa kila shamba la mihogo, na korosho ghafi ikapakiwa kwenda kubanguliwa India. Kwa mara ya kwanza Kusini ilikuwa na mali yake.

Halmashauri zinafutwa

Baada ya uhuru, uchifu ulifutwa mwaka 1963 na kila wilaya ikawa na halmashauri ya madiwani wa kuchaguliwa. Halmashauri hizo zilisimamia shule za msingi, zahanati na barabara ndogo, na ziliishi kwa vyanzo viwili vikubwa: kodi ya mtu mmoja mmoja na ushuru wa mazao. Zilikuwa na udhaifu mwingi. Wahasibu walikuwa haba, wizi ulikuwepo, na wilaya maskini zilishindwa kulipa hata walimu. Badala ya kuzitibu, serikali ilizipunguzia damu. Mwaka 1969 kodi ile na ushuru wa mazao viliondolewa, shughuli kubwa zikahamia serikali kuu, na mwaka 1972 halmashauri za wilaya zikafutwa kabisa.

Sera mpya iliitwa Madaraka Mikoani, na jina lilivutia. Washauri wa kampuni ya McKinsey ya Marekani walisaidia kuichora. Baadhi ya mawaziri walipelekwa kuwa wakuu wa mikoa, na kila mkoa na wilaya vikapewa Mkurugenzi wa Maendeleo na maofisa wa mipango. Lakini kilichohamia mikoani ni watumishi wa serikali kuu. Diwani aliyekuwa akisimama barazani kuuliza kwa nini daraja la kata yake halijajengwa aliondoka, na nafasi yake ikachukuliwa na kamati ambazo mwenye neno la mwisho alikuwa mtumishi aliyeteuliwa. Mpango wa wilaya ulipanda mkoani, ukapanda hadi Dar es Salaam, na uliporudi wenyeji hawakuutambua.

Miji nayo ilipoteza mabaraza yake. Takataka zikalundikana, mitaro ikaziba, na kipindupindu kikatapakaa mwishoni mwa miaka ya 1970. Mwaka 1978 ilibidi sheria ya dharura itungwe kuyarudisha mabaraza ya miji.

Kusini, miaka hiyo ndiyo iliyoua korosho. Msimu wa 1973/74 nchi ilivuna tani zipatazo 145,000. Msimu wa 1986/87 hazikufika tani 20,000. Sababu zilishikana mikono. Operesheni ya vijiji iliwahamisha watu mbali na mikorosho yao. Bei aliyolipwa mkulima ilishuka, vyama vya ushirika vikafutwa mwaka 1976 na mamlaka ya zao ikachukua nafasi yao, kisha ugonjwa wa ubwiri unga ukashambulia maua. Katika miaka hiyohiyo, kwa mikopo ya Benki ya Dunia, serikali ilijenga viwanda vikubwa vya kubangua korosho. Vilikamilika wakati miti imeshakuwa pori, na vingi vilisimama vikiwa na mashine zisizo na cha kubangua.

Mkulima aliyeona vichaka vikifunika mikorosho yake angeweza kuwaambia wapangaji kwamba kiwanda si cha kwanza. Njia ya kurudi shambani ilikuwa ya kwanza, bei ilikuwa ya pili, dawa ya ubwiri unga ya tatu. Baraza la kuyasemea hayo lilikuwa limefutwa.

Mikoa iligawanywa kwa wafadhili, na Mtwara na Lindi zikaangukia Finland. Wafini walichimba visima na kutandaza mabomba, na wengi walikunywa maji safi kwa jasho lao. Lakini pampu ilipoharibika, ilisubiri kipuri kutoka mbali na fundi kutoka mkoani. Wafini wenyewe walijifunza, na miradi yao ya baadaye ilianza kwa kukaa chini na wanakijiji na kuwauliza.

Kurudi kwa halmashauri, kurudi kwa kodi ya kichwa

Mwaka 1982 Bunge lilipitisha sheria tatu, namba 7, 8 na 9: ya mamlaka za wilaya, ya mamlaka za miji, na ya fedha zake. Mwaka 1984 halmashauri zilianza kazi tena, na Katiba ikaongezewa ibara za 145 na 146 zinazotaja serikali za mitaa na lengo lake la kuwapa wananchi madaraka. Mwaka huohuo Mwalimu Nyerere alisema waziwazi, alipohojiwa, kwamba kama angeanza upya asingefuta serikali za mitaa wala vyama vya ushirika. Ni viongozi wachache waliowahi kukiri kosa la namna hiyo wakiwa bado madarakani.

Ila halmashauri zilirudi zikiwa na njaa. Ruzuku ilikuwa haba, na chanzo kilicho karibu kilikuwa kichwa cha mtu. Kodi ya maendeleo, ambayo watu waliendelea kuiita kodi ya kichwa, ilikusanywa na mtendaji akiwa na mgambo nyuma yake. Wanaume waliamka usiku wakalala porini. Barabarani palikuwa na kamba na vizuizi, na asiye na stakabadhi alishushwa kwenye basi. Ushuru uliwekwa juu ya kuku, juu ya baiskeli, juu ya mkungu wa ndizi. Aliyelipa hakuona barabara, kwa kuwa sehemu kubwa ya makusanyo iliishia kwenye posho na gharama za kukusanya yenyewe.

Yapo mafunzo hapa kwa sisi tunaotetea serikali za mitaa, na tusiyakwepe. Mfuko kuwa karibu hakutoshi. Mfuko uliwahi kuwa karibu sana, mlangoni pa mtu, na ukawa kero kwa sababu yule aliyetoa hakuwa na nguvu ya kuuliza. Juni 2003 serikali ilifuta kodi ya maendeleo pamoja na ushuru mwingine mdogomdogo, na watu walishangilia kwa haki. Halmashauri zilifidiwa kwa ruzuku, na tangu hapo sehemu kubwa kabisa ya bajeti zake hutoka Hazina kuu.

Agosti ya mwaka uleule lilifunguliwa Daraja la Mkapa juu ya Mto Rufiji, lenye urefu wa karibu mita 970. Kabla yake msafiri wa Kusini alisubiri kivuko cha Ndundu, na masika yakichacha hakuvuka. Korosho, wagonjwa, walimu wapya na barua vilisubiri pamoja. Hata baada ya daraja, kipande cha kilomita 60 kutoka Ndundu hadi Somanga kilichukua karibu muongo mzima kutiwa lami.

Tani 313,000

Wakulima walirudi kwenye mikorosho. Dawa za salfa zilipatikana, miche bora ya Kituo cha Utafiti cha Naliendele ikasambaa, na msimu wa 2007/08 mfumo wa stakabadhi ghalani ulianza Mtwara: mkulima anapeleka korosho kwenye ghala la chama cha msingi, zinakusanywa ghala kuu, zinauzwa kwa mnada. Msimu wa 2017/18 nchi ilivuna tani zipatazo 313,000, kiasi ambacho hadi wakati huo hakikuwa kimewahi kuonekana.

Fedha za zao hilo hupita njia mbili. Ya kwanza ni ushuru wa mazao, unaolipwa na mnunuzi kwa halmashauri. Ulikuwa asilimia 5 hadi mwaka 2017, ulipopunguzwa kuwa asilimia 3 kwa mazao ya biashara. Kwa wilaya kama Tandahimba na Newala, huo ndio uti wa mgongo wa mapato ya ndani. Ya pili ni ushuru wa kusafirisha korosho ghafi nje, asilimia 15 ya thamani yake au dola 160 kwa tani, kutegemea kipi ni kikubwa. Sheria iliagiza asilimia 65 ya fedha hizo irudi kuendeleza zao, yaani pembejeo, utafiti na miche. Mwaka 2018 sheria ilibadilishwa na fedha zote zikaelekezwa Mfuko Mkuu wa Serikali. Wabunge wa Kusini walisimama bungeni kupinga, wa chama tawala na wa upinzani kwa sauti moja, wakashindwa kwa kura.

Serikali kuu ilikuwa na hoja yake. Mapato ya taifa ni ya wote, na wilaya isiyo na zao la kuuza nje nayo ina watoto wa kusoma. Hoja hiyo ni ya kweli. Lakini mkulima wa Kitangari, kule Newala, alikuwa na kumbukumbu ndefu kuliko mjadala ule. Miaka mitano kabla, 2013, Mtwara ilikuwa imewaka moto watu walipodai gesi isisafirishwe kwa bomba la kilomita zaidi ya 500 hadi Dar es Salaam kabla mkoa haujajua utapata nini. Watu walikufa, nyumba zikachomwa. Nyuma ya gesi ilikuwepo reli ya karanga, na nyuma ya reli pamba ya jumbe. Ukiziweka katika mstari mmoja, swali ni lilelile: mali yetu inahesabiwa wapi, na nani anakaa kwenye hesabu?

Tazama barabara ya kutoka Mtwara kupita Tandahimba na Newala hadi Masasi, kilomita zipatazo 210, ambayo watu wa huko huiita barabara ya uchumi. Inapita katikati ya nchi ya korosho. Kwa miongo mingi ilikuwa vumbi na matope, na baada ya kilomita 50 za mwanzo, hadi Mnivata, kutiwa lami, kilomita 160 zilizobaki zilisubiri mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika. Wilaya zilizoingizia nchi dola kila msimu zilipanga foleni ya lami nyuma ya nyingine nyingi.

Chini ya barabara kuu ziko barabara ndogo, nazo ndizo zinazoamua bei. Mavuno huanza Oktoba, na mvua hufuata kabla mauzo hayajaisha. Kalavati moja likibomoka, lori halifiki ghala la chama cha msingi, korosho inapigwa na unyevu, daraja lake la ubora linashuka. Mwenye njaa hasubiri. Anauza kwa kangomba, kwa kipimo cha bakuli, kwa bei anayotaja mnunuzi. Kalavati lile lilikuwa kazi ya halmashauri hadi Julai 2017, barabara za wilaya zilipokabidhiwa TARURA, wakala wa serikali kuu. Mwaka 2021 iliongezwa tozo ya shilingi 100 kwa kila lita ya petroli na dizeli kwa ajili ya barabara hizo, na fedha zikaongezeka kweli. Wataalamu wamekusanywa mahali pamoja, jambo jema. Ila diwani anayeulizwa na wapiga kura wake habari za kalavati hana tena fungu la kulijenga. Anaandika barua.

Mbao za matangazo

Nimesimulia haya kwa urefu kwa sababu tunazungumza vipaumbele kana kwamba ni orodha ya vitu: barabara kwanza, kisha maji, kisha soko. Historia ya Kusini inaonyesha kwamba orodha hufuata kiti. Afisa wa Kijerumani aliandika pamba. London iliandika reli ya karanga. Mipango ya miaka ya 1970 iliandika viwanda. Mwanamke mwenye mtungi na mkulima mwenye mikorosho iliyofunikwa na vichaka walijua kilichotakiwa kuandikwa, na hakuna aliyewapa kalamu.

Sheria ya leo inawapa kiti, kidogo lakini halisi. Mkutano mkuu wa kijiji unapaswa kuitishwa kila miezi mitatu, na mapato na matumizi yasomwe mbele ya watu. Asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri imetengwa kisheria kuwa mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Mahali ambapo mkutano haufanyiki na ubao wa matangazo uko mtupu, hata fedha nyingi hupita kama maji kwenye mchanga wa Makonde. Mahali ambapo karatasi imebandikwa, mzee anasoma, anahesabu magunia yaliyotoka ghala la chama chake, anayazidisha kwa ushuru, na anamuuliza mtendaji zilizobaki ziko wapi.

Swali hilo halikuweza kuulizwa Nandete mwaka 1905. Waliokuwa nalo walilazimika kung'oa miche ili lisikike. Kazi yetu sisi ni kuhakikisha linaulizwa kila miezi mitatu, chini ya mwembe, na kwamba anayeulizwa analo la kujibu na fungu la kujibia.